Tarehe ya Fundi Vifungo

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mtaa mzima ulimjua kama Fundi Vifungo, na jina hilo hakulipata kwa ustadi wa kushona vifungo. Alilipata kwa sababu kila nguo iliyowahi kuingia dukani kwake, iwe suruali, sare ya shule au gauni la harusi, ilikuwa imebakiza vifungo tu. Mama mmoja aliwahi kupeleka mapazia, akaambiwa arudi Ijumaa kwa kuwa yamebakiza vifungo. Alisimama mlangoni kwa muda akijiuliza pazia linafungwa wapi.

Mwenyewe alilijua jina lile na hakulichukia.

"Wengine wanaitwa Mbu au Chura," alimwambia mkewe. "Mimi walau nimepewa kitu kinachoshika nguo."

"Kingeshika na ahadi zako tungepumzika," mkewe akajibu bila kuinua macho. Alikaa kwenye cherehani ya pili, na ndiye aliyekuwa akimaliza nguo nyingi zilizochelewa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na nyuma kabisa pazia la kijani ambako wateja walijaribia nguo. Wateja wakorofi walipokuja, Fundi alijificha huko. Alikuwa mnene kidogo na viatu vyake vilionekana chini ya pazia, lakini watu kwa heshima walijifanya hawavioni. Walimwachia mkewe salamu kwa sauti kubwa ili ziwafikie wote wawili.

Basi mtu huyo ndiye Mchungaji aliyemtaka aongoze timu ya huduma ya watoto kanisani.

Kila likizo ndefu kanisa liliandaa semina ya watoto, na kila mtoto alipewa kijitabu chenye masomo, picha za kupaka rangi na mistari ya kukariri. Tatizo lilikuwa kijitabu. Mwaka uliotangulia kilitoka kwenye mashine ya kuchapa wakati watoto wamesharudi shule, na maboksi yake yalikaa stoo mpaka kina mama wakaanza kuvitumia vile vijitabu kujipepea wakati wa mahubiri.

Mchungaji alikuja dukani asubuhi moja. Fundi alidhani amefuata koti lake, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea pazia.

"Baki hapo, sijafuata koti," Mchungaji akasema. "Nataka uongoze timu ya kijitabu."

Fundi akakaa. "Mchungaji, kanisani kuna watu wanaomaliza kazi."

"Wapo. Niliwapa mwaka jana. Shida ya mtu anayemaliza kazi ni kwamba anadhani wote wako kama yeye. Akiambiwa kazi inakaribia kwisha, anasema amina anakwenda kulala. Wewe ukiambiwa hivyo, hutaamini."

Fundi alitafakari kidogo aone kama amesifiwa au ametukanwa. Mkewe alikuwa ameshajua jibu. Alikuwa amegeukia ukutani na mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Koti la Mchungaji lilipelekwa wiki ile ile, na aliyelipeleka alikuwa mke wa Fundi.

Timu ilikuwa ya watu wanne. Alikuwepo Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye angeandika masomo, na Msanii, mchora mabango ya maduka, ambaye angechora picha. Alikuwepo Mama Mkunga, aliyestaafu hospitalini baada ya kuwapokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa kanisa lile. Yeye angechagua nyimbo na mistari. Fundi, kama kiongozi, alijiwekea kazi nyepesi: ukurasa mmoja wa utangulizi kwa wazazi.

Walikutana chumba cha nyuma cha kanisa, kati ya kinanda kilichofunikwa shuka na rundo la viti vya plastiki.

"Mwenye mashine anataka kila kitu lini?" Mama Mkunga akauliza, kalamu mkononi.

Mwenye mashine ya kuchapa alikuwa amesema mwisho wa mwezi, tena alisema mara mbili. Lakini hapo ujanja wa miaka mingi ukamjia Fundi. Fundi mzuri hakati kitambaa sawasawa na kipimo. Huacha cha ziada kwenye mshono, ili mwenye nguo akinenepa pawe na pa kufungulia. Akaona tarehe nayo ikatwe hivyo hivyo.

"Katikati ya mwezi," akasema, akikohoa, akaiandika kwenye ubao wa ukutani.

"Mapema hivyo?" Mwalimu akashtuka.

"Mashine ina foleni."

Uongo ulitoka laini kuliko alivyotarajia. Akaufungia na sala ya kuahirisha kikao, na alipofika pale pa kuomba wasaidiwe kuwa waaminifu, ulimi ulimkwama. Akaparuka, akaenda moja kwa moja kwenye amina.

Nje, Mama Mkunga alimshika mkono. "Binti yangu amejifungua juzi, kule mbali. Nilikuwa nataka kusafiri wiki hii nikamwone mjukuu. Lakini kama ni katikati ya mwezi, ngoja nimalize kazi ya Bwana kwanza."

Fundi alifungua mdomo. Palikuwa mahali pazuri kabisa pa kusema kweli, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

"Mungu akubariki, mama," akasema, akaenda zake.

Siku zilipita, naye akaanza kuzunguka kufuatilia. Alimkuta Mwalimu chumba cha walimu, amezungukwa na marundo ya karatasi za mtihani.

"Masomo yako tayari," Mwalimu akamwambia. "Nimebakiza kusahihisha tu."

Fundi alimtazama, akahisi kama amesimama mbele ya kile kioo chake kilichopasuka. "Naomba nione moja."

"Yako nyumbani."

"Mwalimu, hebu niambie kiutu uzima. Kitambaa umeshakikata?"

"Kitambaa gani tena?"

Fundi hakuendelea. Nguo iliyoko nyumbani aliijua vizuri. Ni ile ambayo bado iko dukani kwa muuza vitambaa.

Msanii naye alikuwa juu ya ngazi, anaandika jina la duka la dawa. Alipomwona Fundi anavuka barabara, alipanda kidato kingine kwenda juu, kisha kingine, mpaka akawa anapaka rangi mahali pasipo na herufi. Fundi alisimama chini akamhurumia. Kwa uzoefu wake, pazia lilikuwa bora kuliko ngazi.

"Picha vipi?" akapaza sauti.

"Ziko kichwani, Fundi. Bado kuzishusha tu."

Jioni hiyo alirudi dukani akajitupa kwenye kiti. "Leo nimekutana na mimi mwenyewe mara mbili," akamwambia mkewe, "na mara zote mbili sikujipenda."

"Karibu kwenye foleni," mkewe akasema. "Wateja wako wamekutangulia."

Katikati ya mwezi ikafika. Fundi alikuwa ameandaa maneno makali yenye upole ndani yake, kama dawa ya mtoto. Mwalimu na Msanii walikuja mikono mitupu, tena wakiwa na furaha, wanataniana. Mama Mkunga alikuja na kurasa zake zote ndani ya bahasha safi, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Ndugu zangu," Fundi akaanza, "tulikubaliana..."

"Fundi," Msanii akamkatiza, bila ubaya, "wiki iliyopita nilikuwa nachora bango la mwenye mashine. Nikamwuliza foleni ikoje. Akasema foleni gani, anatusubiri sisi mwisho wa mwezi."

"Msanii akaniambia na mimi," Mwalimu akasema. "Tukaona tusihangaike."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufikia hata urefu wa bango. Fundi alitabasamu, akitafuta mzaha wa kujiokolea. Kwa kawaida mzaha ulimjia haraka kuliko kazi. Ndipo akamwona Mama Mkunga anaweka bahasha mezani, polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachovunjika.

"Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui."

"Mama..."

"Kitovu cha mjukuu wangu kimedondoka juzi. Nimewapokea watoto wa watu wote hapa, Fundi. Hata wanao wawili, kwa mikono hii hii. Wa binti yangu nasimuliwa kwenye simu."

Msanii alianza kuchezea ukingo wa shuka la kinanda. Fundi alihisi uso unamwaka. Alikuwa amezoea kukasirikiwa. Hasira za wateja ni kama mvua, unajikunja inapita. Lakini huyu mama hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia, na kwa hilo hakuwa na pazia.

"Niliwadanganya," akasema. "Nilifikiri wote mko kama mimi. Nikasema nikiwaambia kweli, mtafanya ninavyofanya mimi. Mama, wewe hukustahili."

"Na hawa walistahili?" Mama Mkunga akauliza, akiwaonyesha wale wawili, ambao walijikunja kidogo. "Nikuambie kitu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka mvi hizi. Mama akiniuliza mtoto anakuja saa ngapi, kama sijui nasema sijui. Kwa sababu nikimdanganya mara moja, saa ya kumwambia asukume, hasukumi. Ungesema mwisho ni mwisho wa mwezi, ila tujitahidi tumalize mapema tuwe na nafasi ya kurekebisha. Mimi ningeandikia huko huko kwa binti yangu. Kwani huko hakuna kalamu?"

Fundi aliinuka, akafuta tarehe ya uongo ubaoni kwa kiganja, akaandika ya kweli. Chaki ilimkatikia. Kisha akakaa, akawa hajui la kufanya, kwa sababu kila alichojua kuhusu tarehe kilikuwa ni namna ya kuikwepa. Mwishowe akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kumwuliza yeye kwa namna hiyo.

"Mwalimu, bila kunifurahisha. Unaweza kumaliza lini?"

Mwalimu alijikuna shingo. "Ukweli sijaanza. Nina mitihani ya madarasa matatu. Niliona aibu kukataa kazi ya kanisa. Yote siyawezi, Fundi. Nusu naweza."

"Nipe mimi la Musa kwenye kikapu," Mama Mkunga akasema, "na la Samweli. Mambo ya watoto wachanga nayajua."

"Na mimi," Msanii akasema, akipata ujasiri, "mnanipa tarehe moja na Mwalimu. Nachora nini wakati hakijaandikwa kitu? Hewa?"

Fundi alijiona mjinga. Yeye, aliyewahi kumfukuza mwanafunzi wa ushonaji kwa kukata shati kabla ya kupima, hakuwa ameona kwamba maneno yanatangulia picha. Wakapanga upya: kwanza Mwalimu na Mama Mkunga, kila somo likikamilika liende kwa Msanii, na siku chache za mwisho zibaki wazi, wote wakijua kuwa ziko wazi. Wakakubaliana pia kwamba mtu akiona atachelewa aseme kabla ya siku kufika, na atakayesema mapema asigombezwe. Hilo la mwisho Fundi alilipigia kura kwa mikono miwili.

Mama Mkunga alisafiri Jumamosi. Fundi alimsindikiza kituoni, akambebea mzigo, na hakuthubutu kumwombea safari njema kwa sauti. Masomo ya Musa na Samweli yalikuja kwenye simu yakiwa yamepigwa picha, na pembeni ya ukurasa mmoja kidole kidogo cha mtoto kimeingia. Mwalimu alipiga simu mapema kusema somo lake la mwisho litachelewa kidogo. Msanii akamaliza la Samweli kwanza, na hakuna aliyepandisha sauti. Kazi ikaenda.

Ikaenda vizuri mno, mpaka Fundi akaanza kutembea kanisani kifua mbele. Alimweleza Mchungaji mlangoni jinsi siri ya uongozi ilivyo kusikiliza. Aliwaeleza pia wazee wa kanisa, na wanakwaya, na mtu mmoja aliyekuwa anauliza choo kilipo.

"Na utangulizi wako?" mkewe akamwuliza.

"Ukurasa mmoja ule? Nitauandika nikisubiri pasi ipate moto."

Pasi ilipata moto mara nyingi.

Siku ya kupeleka kazi ikafika. Walikutana adhuhuri chumba kile kile. Mama Mkunga alikuwa amerudi, na aliwaonyesha wote picha za mjukuu, Fundi akiwa wa mwisho, lakini alionyeshwa. Mezani masomo yalipangwa kwa mfuatano, picha zikiwa nzuri hata Mwalimu akaomba moja ya darasani kwake. Mwalimu akapekua kurasa, akafika mwanzo, akapekua tena.

"Utangulizi uko wapi?"

Fundi alipapasa mfuko wa shati, kana kwamba ungeweza kuwa umejiandika humo wenyewe. "Uko tayari," akasema. "Nimebakiza..." Akasita.

"Vifungo," Mama Mkunga akamalizia.

Walicheka mpaka Msanii akalazimika kukaa. Fundi naye alicheka, ingawa masikio yalikuwa yanamchoma. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa ametumia wiki nzima kuwaonyesha wenzake ya kwao. Alipokwisha kucheka alisema kwa sauti ndogo, "Sijaandika hata neno. Na sikusema mapema."

"Naweza kukuandikia," Mwalimu akasema. "Ukurasa mmoja tu."

"Mwache," Mama Mkunga akasema. "Hii azae mwenyewe. Mwenye mashine anafunga jioni. Twende dukani kwako."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mchana ule Fundi Vifungo aliketi kwenye meza ya kukatia, karatasi mbele yake, na Mama Mkunga ameketi mkabala naye, mikono kifuani. Mkewe alifunga nusu ya mlango. Wateja walipokuja aliwaambia fundi yuko kazini. Wakachungulia chini ya pazia la kijani, wasione viatu, wakaondoka wamechanganyikiwa.

Fundi aliandika mstari, akausoma kwa sauti: "Wapendwa wazazi, katika nyakati hizi za changamoto nyingi..."

"Huyo ni nani anayeongea?" Mama Mkunga akauliza.

"Mimi."

"Sijawahi kukusikia unaongea hivyo. Futa."

Akafuta. Aliandika mwingine, akafuta mwenyewe. Akasema anataka kunywa maji, akaletewa maji. Akasema kalamu nzito, mkewe akampa nyingine bila kugeuka. Mama Mkunga hakumhimiza wala kumpigia kelele. Alikaa tu, kama alivyokaa na watu miaka yote ile, mtu ambaye anajua kitu kitatoka na hana haraka nacho. Fundi alitambua kwamba kuangaliwa bila kugombezwa ni kugumu kuliko kugombezwa. Mwishowe, kwa kukosa pa kwenda, akaandika jinsi anavyoongea.

Aliandika kwamba anayewaomba wazazi walete watoto kwa wakati ni yule fundi wanayemjua, na kwamba anajua wanacheka, na wana haki. Akaandika kwamba timu hii ilikaribia kuchelewa kwa sababu yake, mara mbili, na watu watatu wakaivusha. Akaandika kwamba mtoto anayefika wa mwisho hukuta wimbo umeshaimbwa na hakuna wa kumwimbia tena, kwa hiyo asubuhi wasimwambie mtoto "nakuja sasa hivi" kama bado wanatafuta viatu. Akaweka nukta. Hakukuwa na maneno makubwa hata moja, na ukurasa haukujaa.

Mama Mkunga alisoma, akarekebisha neno moja. "Mzima," akasema. "Uzito mdogo, lakini mzima."

Msanii alikimbia na bahasha kwa pikipiki, akamkuta mwenye mashine ameshika kufuli mkononi. Vijitabu vilitoka kabla ya semina, vingine vina picha ya Musa iliyokolea wino mpaka kikapu kikaonekana kama boti la mkaa, lakini vilitoka. Jumatatu ya semina, wazazi walisimama getini wakisoma ukurasa wa kwanza na kumnyooshea Fundi vidole huku wakicheka. Baba mmoja alimwuliza kama ni kweli aliandika mwenyewe au ni mkewe. Watoto walikuja wengi na mapema, na viti vya plastiki havikutosha.

Mchungaji akamwomba aongoze tena mwaka ujao. Fundi akasema atajibu baada ya kuongea na wenzake, na kwamba utangulizi apewe mtu mwingine.

Dukani, mambo yalichukua njia yake. Siku hizo hizo alikuja mama mmoja na kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake, akauliza litakuwa tayari lini. Fundi alitazama nguo zilizoning'inia, akahesabu kichwani kwa uaminifu, akamwambia wiki tatu. Yule mama akaona kama amedharauliwa. Akakunja kitambaa chake, akavuka barabara kwenda kwa fundi wa ng'ambo, na sauti ya yule fundi ikawafikia mpaka huku: keshokutwa, mama, bila wasiwasi. Fundi Vifungo aliinuka nusu kutoka kitini.

"Kaa," mkewe akasema.

Akakaa, akaivuta suruali aliyoahidi kuimaliza jioni ile, akaendelea kushona. Mwenye suruali, dereva wa lori, aliingia jua likiwa linashuka. Akasimama katikati ya duka, mikono kiunoni, na akapokea suruali iliyopigwa pasi na kukunjwa. Aliigeuza nje, akaigeuza ndani, akaitazama kwa mashaka kama noti mpya.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Dereva akakaa kwenye benchi la wateja, amelegea kabisa. "Sasa jioni hii nitafanya nini?" akasema. "Nilikuwa nimejipanga kugombana na wewe."

Fundi akamwambia abaki tu, waongee mambo mengine, na mkewe akawasogezea chai.